Mleta Habari za Maji

Kindu, mtaa wa Muchanga,
tarehe 9 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu Zéphirin,

Pokea salamu zangu kutoka huku ukingoni mwa Lualaba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Nicole na watoto, na kwamba upepo wa bahari haujakurudishia kile kikohozi ulichoondoka nacho hapa. Mimi ni mzima kwa kadiri mtu wa umri wangu anavyoweza kuwa mzima. Jicho la kulia linaona ukungu na meno yamebaki ya kutabasamia tu, lakini kichwa bado kinashika, na mkono, kama unavyoona, bado unaandika mstari ulionyooka. Asubuhi nakunywa chai, nasoma chochote kilichochapishwa, hata gazeti lililofungiwa samaki wa chumvi, kisha natembea hadi bandarini kutazama kama kuna boti imepanda kutoka Ubundu. Mara nyingi hakuna.

Barua hii anaibeba padri anayekwenda Kinshasa kwa ndege, na ameniahidi kwamba mwenzake ataifikisha huko kwako Moanda. Utajiuliza kwa nini barua, wakati simu iko mfukoni mwangu na inafanya kazi. Najua umepiga mara nyingi tangu msiba. Niliiona namba yako ikiwaka, nikaiacha iwake mpaka ikazimika. Usidhani ni hasira ya siku moja. Sababu imo humu ndani, na itakuja kwa zamu yake.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa. Unasema wakubwa wa kituo chenu wamewataka mwonyeshe kama kazi ya kuiangalia bahari ina faida kwa jamii: yale maboya mnayoyaacha yaelee na kupima joto la maji, zile namba zinazopita angani hadi kwenye mashine zenu, zile taarifa mnazotutumia kabla ya mvua. Unataka mtu anayeishi huku ajibu bila kupamba. Na chini kabisa ya ukurasa, kama mtu anayeuliza jambo akiwa tayari ameshika mlango, umeniuliza kwa nini mama hakutoka nyumbani, na habari ilifika mapema vile. Nimeyatafakari maswali hayo mawili na naona jibu lake ni moja. Nitakujibu yote pamoja, kwa utaratibu.

Taarifa zenu za kwanza zilikuja kwa Kifaransa, na Nathalie wa redio alizisoma kama zilivyo. Alisema kuna *anomalie* ya joto katika bahari ya mashariki. Kesho yake sokoni wanawake walikuwa wakiulizana kama *anomalie* ni ugonjwa mpya na kama chanjo yake imeshafika. Nathalie akaja kwangu akicheka huku ameona haya, akaniomba nimsaidie kutafsiri. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa bahari hapa Kindu, mimi ambaye bahari nimeiona vitabuni tu. Nilieleza kwamba maji ya bahari ile yakipata joto kupita kiasi upande wa kwetu, mawingu huja yamebeba mzigo mkubwa kuliko kawaida, huumwaga kwenye vyanzo vya mto huko juu, na baada ya majuma kadhaa mzigo ule unapita mbele ya milango yetu. Okito, jirani yetu yule fundi cherehani, aliniambia mbele ya watu, "Mwalimu, unatudanganya na mvi zako! Bahari iko wapi, Kindu iko wapi? Mutu wa Kindu anajua bahari kwa chumvi tu." Watu wakacheka, nami nikacheka.

Lakini msimu uliofuata mlisema mvua itachelewa. Wakulima wa mpunga wa Kibombo waliosikia na kungoja, walivuna. Waliopanda kwa kalenda ya babu zao waliwapandia ndege. Habari ikatembea na njia ya reli, kijiji kwa kijiji, na Okito yule yule akawa kila juma ananisimamisha kuniuliza bahari inasemaje leo, kana kwamba ni shangazi yangu mgonjwa. Kwa hiyo hilo la kwanza liandike katika ripoti yako bila woga. Kibombo walikula kwa sababu yenu.

La pili pia liandike. Mvua zile zilizomuua mama, taarifa yenu ilifika mapema kabisa, kwa maandishi, katika ofisi zote za mji. Kila mwenye lori aliitumia. Mwenye ghala la saruji alihamisha saruji yake. Wenye maduka ya bandarini walipandisha mali mlimani, wakapandisha na milango. Ghala la bia lilihamisha hata makreti ya chupa tupu. Niliyaona kwa macho yangu yakipita barabarani yakigongana, na nyuma ya lori vijana wameyashikilia yasianguke. Chupa tupu za bia zilipanda mlimani kabla ya bibi vizee wa Muchanga. Hakuna aliyeiba nafasi ya mtu. Ni kwamba aliyeweza kuondoka aliambiwa kwa karatasi yenye muhuri, na aliyebaki aliambiwa kwa njia nyingine, ambayo nitaifikia.

Wewe unajua Muchanga ni watu gani. Mwaka ule wa kwanza wa vita tulipotoka kijijini kwetu kwa miguu, tukifuata reli hadi hapa na mama akiwa na sufuria kichwani, wenyeji walitupa mchanga huu wa ukingoni kwa sababu hakuna aliyeutaka. Tuliambiwa ni kwa muda. Watoto waliozaliwa hapa sasa wana ndevu, na sokoni bado wanaitwa wakimbizi. Nyumba zetu ni udongo na fito. Maji yakifika magotini, ukuta unalowa kama mkate ndani ya chai, na paa linakaa chini juu ya wenyewe.

Kwa ajili yetu wewe ulikuwa na wazo zuri. Nasema zuri, na sidhihaki. Ulimwandikia Nathalie kwamba takwimu hazina faida mpaka zipate sauti ya nyumbani; kwamba mtu hahami kwa ajili ya namba, anahama kwa ajili ya mtu anayemwamini. Ukajirekodi mwenyewe, kwa Kiswahili chetu cha Maniema, bila neno moja la Kifaransa. Nathalie alifurahi mno. Aliirusha Jumapili mchana, watu wametoka misa na wengine wamekwisha kuswali, wamekaa vivulini na redio zao wakila wali na mboga ya sombe. Sauti yako ikatoka wazi, yenye nguvu, haina mikwaruzo: "Wandugu wa Muchanga, sikieni. Maji inakuya. Mutoke sasa. Mubebe watoto, bintu muache."

Nilikuwa nimekaa na Okito na binti yake Aïcha. Okito aliweka kijiko chini. Aïcha akanyoosha mkono, akaizima redio, akaendelea kumlisha mtoto wake. Nilisikia jinsi redio za majirani zilivyozimwa moja baada ya nyingine kuteremka hadi mtoni.

Ili ulielewe hilo, lazima nirudi nyuma kidogo, kwenye mwaka wa tatu wa vita, hata kama siku hizo wewe ulikuwa ukilala bandarini na hukuwa nyumbani nasi. Wenye silaha waliokuwa wameushika mji walikuwa na njaa. Mashamba yalikuwa mikononi mwa wapiganaji wa msituni, ndege hazitui, na mji ulikuwa umefungwa kama chupa. Asubuhi moja ya mvua, kipaza sauti kilipita kwenye mtumbwi wa mashine mbele ya Muchanga. Wenye silaha walikuwa wametandaza turubai juu ya mtumbwi na msemaji hakuonekana. Alisema mto unafurika huko juu, maji yanakuja, watu watoke sasa, wabebe watoto, vitu waviache. Ilikuwa sauti ya kijana, ya hapa hapa, yenye matamshi yetu. Watu waliamini. Walipanda hadi uwanja wa shule, wakasimama kwenye mvua na watoto mgongoni, wanautazama mto. Mto haukupanda hata kidole.

Walipochoka kungoja, baadhi walirudi kuangalia. Waliwakuta wenye silaha wanamaliza kazi. Mabati yamevuliwa, mihogo na mbuzi wamepakiwa, hata bawaba zimeng'olewa. Mke wa Okito, Bénie, aliingia uani kwake na kukuta mtu amebeba cherehani ya mumewe. Aliishika upande wa pili. Walimpiga risasi akiwa ameishika, na ilibidi Okito aifungue mikono ya mkewe kwenye chuma kidole kwa kidole. Wengine walikufa njiani, kwa kuwa walikimbia, na anayekimbia alipigwa. Mpaka leo pale Muchanga kuna usemi ambao hutausikia mtaa mwingine wowote wa Kindu: mutu mwenye anakuambia toka mu nyumba yako, njo anataka nyumba yako.

Sasa rudi kwenye Jumapili ya redio. Siku zilizofuata jua liliwaka. Nathalie aliirudia sauti yako asubuhi na jioni, akidhani hawajaisikia vizuri. Kila ilipotoka, watu walifanya kinyume chake. Walioanza kufunga vifurushi walivifungua. Wanaume waliokuwa wamepanga kwenda Pangi kuchimba madini waliahirisha safari ili walinde mabati yao. Watu walirudi kutoka kwa ndugu zao mlimani, wakaja kulala ndani ya nyumba zao wenyewe wakiwa na panga mlangoni. Elewa vizuri ninachokuambia, Zéphirin. Muchanga haikupuuza taarifa yenu. Ilijaa watu kwa sababu yake.

Maji yalikuja alfajiri, bila kelele, kama ulivyosema. Yalianza na harufu, halafu kuku wakapanda juu ya mapaa, halafu ukuta wa kwanza ukaanguka. Watu waliokuwa wamejifungia dhidi ya wezi ilibidi wapigane na makomeo yao wenyewe gizani, wakiwa majini. Wajukuu watatu wa Okito, watoto wa Aïcha, walipatikana chini ya paa moja, wameshikana. Aïcha mwenyewe alikuwa hai, ananing'inia kwenye mti, na aliona lile paa likikaa chini. Mama tulimpata baada ya maji kupungua, kwenye matete ya Alunguli, ng'ambo ya mto. Alikuwa amevaa kitenge chake cha misa, amejifunga vizuri, na viatu miguuni. Hakufa usingizini wala kwa kushtukizwa. Alikuwa amejiandaa.

Hayo mengine uliyasikia kwa simu kutoka kwa binamu yetu Kassim, ambaye alikuambia kwamba mama alikuwa mzee na maji yalimwahi. Kassim ana huruma. Mimi nimekaa na jambo hili zaidi ya mwaka mzima, na naona huruma ya aina hiyo itaua watu tena msimu huu. Kwa hiyo kaa chini.

Ile sauti ya kwenye mtumbwi ilikuwa yako.

Umeishi ukidhani hakuna aliyejua. Nilijua siku ile ile. Kabla kipaza sauti hakijapita, askari mmoja alikuja nyumbani kwetu, akamwambia mama kwa adabu ambayo askari wa siku zile hawakuwa nayo kwamba achukue watu wake aende kituo cha reli, akae huko mpaka kesho, na abebe vitu vyake vyote. Vyote, si watoto tu. Tulikwenda. Tukiwa kituoni tulisikia kipaza sauti kwa mbali, na mama akaniangalia. Ulikuwa ukisoma kipimo cha maji bandarini wakati ule, na kila asubuhi uliwatangazia wapiga makasia mto umepanda au umeshuka. Hakuna sauti iliyoaminiwa kuhusu maji kuliko yako, ndiyo maana walikuchukua wewe. Sikuulizi kama walikuwekea bunduki kisogoni. Nimechagua kuamini hivyo, na sitaki uniambie vingine.

Tuliporudi, nyumba yetu peke yake ilikuwa na paa.

Hapo ndipo maisha ya mama yalipogeuka. Watu hawakuwa vipofu. Walisema sauti ile ilikuwa kama ya mtoto wa Scholastique. Mama akaapa. Aliapa kwa kaburi la baba, aliapa kanisani, aliapa kila mwaka. Alikwenda kwa Okito kila siku ya kumbukumbu ya Bénie akiwa na sufuria ya chakula, akala naye, akaapa. Wewe uliondoka, ukasoma, ukawa mtu wa bahari. Yeye alibaki hapa kukuapia. Na watu, polepole, walimkubalia. Hawakumwamini kabisa, lakini walimkubalia, kwa sababu hawakuwa na ushahidi, na kwa sababu mwanamke anayekuletea chakula miaka yote hiyo ni vigumu kumwita mwongo.

Basi Jumapili ile redio ilipotoa sauti yako, wengi walihisi kitu lakini hawakuwa na hakika. Aliyewapa hakika ni mama. Alikuwa hasikii vizuri tena. Maneno hayakumfikia yote, ila sauti aliijua. Alitoka nje akipiga vigelegele. Alizunguka nyumba kwa nyumba na fimbo yake, uso unang'aa, akiwaambia watu kwamba huyo wa redioni ni Zéphirin wake, kitindamimba wake, msomi wa bahari, na kwamba waamini, watoke, mwanawe hawezi kuwadanganya. Alikuwa amengoja maisha yote kujivunia sauti yako hadharani. Alifika kwa Okito wa mwisho, kwa kuwa pale ndipo alipozoea kukaa. Mimi nilikuwapo. Okito alisimama, akamshika mkono kwa heshima kama siku zote, akamwambia, "Mama Scholastique, miaka yote uliapa hakuwa yeye. Leo njo unatuletea yeye mwenyewe?"

Mama alisimama pale. Niliona akielewa. Sijawahi kuona mtu akizeeka mbele yangu namna ile, na yeye tayari alikuwa mzee.

Unakumbuka sheria ya baba, ambayo ni sheria ya watu wote wa mto: anayeleta habari ya maji hutoka wa mwisho. Ukipiga kelele kwamba maji yanakuja, huna ruhusa ya kupanda mtumbwi mpaka uliowaamsha wote wamepanda. Wazee waliiweka ili mtu asitangaze maji kwa mchezo, wala kwa hila ya kubaki peke yake kwenye nyumba za watu. Mama alikuwa ameileta habari kila mlango. Nilimwambia twende, nikamsihi, nikataka hata kumbeba. Alinijibu bila kupandisha sauti kwamba kama akiondoka mbele yao itakuwa mara ya pili. Alisema mtoto wake alitangaza na familia yake ikatoka ya kwanza, na mabati yake yakabaki. Safari hii mama yake atakaa mpaka watoke. Hawakutoka. Akakaa.

Jioni ya mwisho alinituma Alunguli, nikatafute mtumbwi mkubwa kwa Yassine mvushaji, ili watu wakibadili mawazo wapate kuvuka. Nilikwenda, kwa sababu mtoto hata akiwa na mvi hutumwa na mama yake. Yassine alisema usiku havuki, nikalala kwake. Sasa naona mama alijua kwamba Yassine havuki usiku. Ndiyo maana nakuandikia leo nikiwa hai.

Hili ndilo jibu la maswali yako mawili. Namba zenu zilikuwa sahihi. Joto la bahari lilikuwa sahihi, mvua ilikuwa sahihi, siku ilikuwa karibu sahihi kabisa. Kilichoua watu ni kwamba ulizipa sauti. Na ulitumia maneno yale yale. Sijui kama uliyachagua au yalikuja yenyewe mdomoni, kama njia ya zamani inavyomrudia punda. Nimejiuliza sana, na kila jibu ni baya. Ndiyo maana simu yako naiacha iwake. Sipokei kwa sababu sijui nitafanya nini nikiisikia sauti hiyo sikioni.

Sasa kuna jambo la haraka kuliko msiba wetu. Taarifa yako mpya imenifikia pamoja na barua. Unasema bahari imepata joto tena, na kwamba maji ya msimu huu yatapita alama ya mara ile. Umeweka na rekodi nyingine ya sauti kwenye diski. Nathalie aliniletea kwanza, amejifunza. Nilimwomba aivunje, akaivunja mbele yangu kwa jiwe. Karatasi ya takwimu niliibakiza, nikakata sehemu ya chini yenye jina lako, nikaitia motoni.

Kwa maana watu wamejenga tena Muchanga. Wangekwenda wapi? Fito mpya, udongo mpya, mchanga ule ule. Aïcha amejenga pale pale, na ana mimba.

Juma lililopita nilizunguka nyumba kwa nyumba. Sikulitaja jina lako, wala bahari, wala kituo chenu. Nilisema mimi, Aimé mwana wa Scholastique, nawaletea habari ya maji, yatakuja kabla ya Noeli, na nitatoka wa mwisho. Wengine walinifungia mlango. Mtoto mmoja alinirushia ganda la ndizi na mama yake hakumkemea. Okito alinisikiliza mpaka mwisho huku cherehani yake inaendelea kulia, ile ile, halafu akasema, "Sawa, Mwalimu. Mama yako alikaa. Tutaangalia na wewe kama utakaa."

Na wananiangalia kweli. Nikienda bandarini, kuna mtu nyuma yangu anayehesabu kama nitarudi. Padri alinipa chumba mlimani. Nimekikataa, na kila mtu amejua kwamba nimekikataa, kwa kuwa nilihakikisha wamejua. Vitabu vyangu tu ndivyo nilivyotaka kuvipandisha, kisha nikaona hata hivyo vitasemwa, nikavirudisha rafuni. Familia chache zimeanza kufunga vifurushi. Jana Aïcha alikuja kuniuliza, bila kunitazama usoni, kama mlimani kuna nafasi karibu na maji ya kunywa. Nilimwambia ipo. Hakuniambia kama atakwenda. Inatosha kwa jana.

Kwa hiyo nakuomba mambo machache, na naomba kama mkubwa wako, si kama mtu anayebembeleza. Endelea kupima. Usikose siku hata moja. Nitumie namba kila juma, kwa maandishi, bila jina, kwa mkono wa Nathalie. Wakubwa wako ukiwaandikia, waambie zina faida kubwa kwa jamii, na ni kweli. Ila faida ya Muchanga, usiwaambie inapatikana kwa njia gani.

Na usije. Najua moyo wako utakuambia uje upige magoti Muchanga, uungame mbele ya Okito, usamehewe. Labda utasamehewa, sijui. Okito ni mtu wa ajabu. Lakini siku utakayoshuka kwenye ndege, habari yangu ya maji itageuka kuwa yako, Aïcha atafungua kifurushi chake, na hakuna atakayetoka. Toba yako ingoje mpaka mto ushuke. Kama ukikosea mwaka huu na maji yasije, watanicheka mpaka nife, nami nitakuwa mtu mwenye furaha kuliko wote wa Kindu. Kama uko sahihi, basi waombee wawe wepesi wa kuondoka, kwa maana mimi nipo nyuma yao wote.

Msalimie shemeji Nicole. Mwambie kitambaa alichonitumia nimekishonesha shati. Watoto waambie wana baba mkubwa huku anayewataja kwa majina kila anapoanza chakula. Mungu akulinde huko kwenye maji yasiyo na ukingo.

Mimi, yule yule aliyekushika mkono ulipopiga hatua ya kwanza,

kaka yako,
Aimé